Njia Kumi na Sita

Mapigo ya msingi yalikuwa mia.
Nikayapandisha, mia na nne,
nikasikiliza feni kama mtu anayetega sikio mlango wa jirani.
Ikawaka.
Nikasema alhamdulillahi kabla ya wakati wake.

Mabela, saa sita usiku, Julai.
Joto la nje halijaenda kulala,
kiyoyozi kinachuruzika ndani ya ndoo ya rangi,
na bibi kavaa sweta sebuleni
kwa sababu chumba changu, anasema, nimekigeuza bucha.

Ndipo nikaitazama kadi ya michoro.
Niliinunua Ruwi, dukani kwa Shajahan,
kwa pesa ya gari ambalo sikulinunua.
Skrini ikaniambia bila haya:
tundu lina njia kumi na sita,
zinazopita data ni nne,
na hizo nne zinakwenda mwendo wa kizazi cha kwanza,
mwendo wa punda mwenye madumu.

Unaijua ile barabara kuu, saa moja na nusu asubuhi,
lori limemwaga nyanya karibu na Burji Sahwa,
sote tunajibana kwenye upenyo mmoja,
kila mtu na honi yake,
kila mtu na haki yake.

Nikafanya afanyavyo asiyejua: nikafanya yote.
Nikaichomoa kadi. Nikayasugua meno yake ya dhahabu
kwa kifutio cha Muhannad, kile chenye harufu ya zabibu.
Nikalipuliza tundu. Vumbi la huku lina rangi ya biskuti,
linaingia hata kwenye sukari iliyofunikwa.
Nikaisukuma kadi mpaka kilimi kikalia tak.
Nne.

Nikang'oa diski ya pili,
nikiisingizia kwamba inakula njia za mwenziwe.
Nne.
Nikairudisha. Samahani sikuiomba.

Nikaongeza volti, kidogo tu,
kama mgeni anayetia chumvi kwenye chungu cha watu.
Skrini ikafa.
Nikauona uso wangu ndani ya weusi ule
na sikuupenda.

Na nyumba ya mteja inangoja, ghorofa mbili, Barka,
inapaswa kuwa picha kabla ya alfajiri:
dari, taa, mlango wa nakshi,
mtende uani, kivuli cha mtende.
Kivuli ndicho kinachokula usiku.

Bibi akaingia na chai ya maziwa.
Nikajiandaa kwa ile methali ya haraka.
Hakuitoa. Aliuliza umeme wa mwezi huu ni riali ngapi,
akapunguza kiyoyozi, akaenda zake.

Chumba kikaanza kupata joto, nami nikaanza kusoma
ule ukurasa wa mipangilio niliokuwa nikiuruka.
Kumbe wote wananing'inia kwenye kijiwe kimoja cha fuwele:
prosesa, kumbukumbu, tundu la kadi.
Nilidhani nampigia ngoma mchezaji mmoja,
kumbe ukumbi mzima unafuata mkono wangu,
na aliyeshindwa na mdundo hakuanguka,
hakupiga kelele,
alipunguza hatua, akabaki ukutani, akicheza kidogokidogo.

Tundu halikuwa bovu.
Lilikuwa linajisitiri.

Nikayarudisha mapigo mia kamili.
Kizidisho cha prosesa, chake peke yake,
nikakitoa arubaini na mbili, nikakiweka arubaini na nne.
Piga hesabu mwenyewe: kasi ni ileile, na chenji juu.
Nikawasha, macho nimeyafumba
kama Muhannad anapopokea cheti cha shule.

Kumi na sita.
Kizazi cha nne.
Sikusema kitu. Nilikunywa chai, ilikuwa imeshapoa,
ina utando juu.

Saa kumi na dakika mbili, adhana ikiwa katikati,
kivuli cha mtende kikatua uani,
kila jani na jani lake la giza,
kizuri hata nikatamani kukikanyaga.

Saa tatu mteja akajibu:
Nzuri sana. Mke wangu anasema
ule mtende uondoe.